Koplo Kerioni

Kaka yangu Ezron alijua Kiingereza cha kuokoteza, na katika hicho kidogo alichookota alilipenda neno moja kuliko mengine yote. Neno lenyewe ni carry on. Watu wa machimboni walilitamka kerioni, na hatimaye wakampa yeye mwenyewe liwe jina lake: Koplo Kerioni. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima na wapo waliomcheka. Mimi nilimwita hivyo nikiwa nimekasirika, kwa hiyo nilimwita hivyo mara nyingi.

Naandika habari zake kwa sababu wanawe sasa ni watu wazima, na huko kijijini wanalishwa maneno. Wanaambiwa baba yao alimezwa na tamaa ya dhahabu. Hilo linanichoma. Ezron hakuwa na tamaa ya dhahabu hata ya kujaza ukucha. Aliyeitaka dhahabu alikuwa Mzungu. Kaka yangu alitaka kitu kingine, na hicho ndicho kilichomuua.

Tulizaliwa Ileje, katika milima ya Wandali, yeye akiwa wa kwanza na mimi kitindamimba. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipopita kwetu alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, akachukuliwa kubeba masanduku ya risasi. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye alirudi amekonda, na amepata wazo moja tu kichwani, kwamba afadhali kuwa anayewaongoza wabebaji kuliko kuwa mbebaji. Waingereza walipoishika nchi akaenda kujiandikisha askari wa KAR, jeshi lao la Waafrika. Wakampeleka Tabora, kisha Dar es Salaam, akashonewa utepe kwenye mkono wa shati, kisha wa pili, akawa koplo.

Huko ndiko alikopewa lile neno. Nimemsikia akilieleza mara nyingi hata ningeweza kulifundisha mimi. Alikuwa akikaa na mume wangu, Tuntufye, chungu cha pombe ya ulezi kikiwa katikati yao, kisha akianza kama mwalimu wa misheni.

"Carry ni kubeba," alisema. "On ni juu ya kitu. Ukiyatenganisha, maana yake ndiyo hiyo. Ukiyafunga pamoja, kubeba kunaondoka na juu kunaondoka. Linabaki agizo: shika kazi uliyokuwa nayo, usiiache."

"Si ungesema endelea, shemeji, tukamaliza," Tuntufye alimjibu. Mume wangu alipenda kumchokoza.

"Endelea anaambiwa hata mtoto anayekula uji. Sikiliza. Afisa anaingia kambini, askari wote mnasimama wima, kazi imekatika. Anatazama, anaridhika, anasema, carry on, Koplo. Hapo kazi inarudi, lakini inarudi mikononi mwako wewe. Yeye anakwenda zake kunywa chai. Neno hilo haambiwi askari mtupu asiye na utepe. Ukiambiwa, maana yake mimi naondoka, na macho yangu nimekuachia wewe."

"Na akitaka muache?"

"Atakuja kusema mwenyewe."

Kulikuwa na jambo aliloliona Dar es Salaam ambalo hakulipenda kulisimulia. Koplo mwenzake, mtu wa Unyamwezi, aliachiwa kikosi kinachochimba mtaro. Ikaja mvua kubwa, yule koplo akawahurumia watu, akawaambia wakajikinge. Afisa aliporudi alikuta mtaro hauna mtu. Kesho yake yule koplo alisimamishwa mbele ya askari wote, tepe zake zikakatwa kwa kisu, akaamriwa alivae lile shati lenye matundu. Ezron alisema tangu siku hiyo, kila alipoambiwa carry on, aliliona lile shati kabla mdomo haujaitika.

Lakini jeshi peke yake lisingeweza kumfunga mtu namna ile. Neno hilo lilikuta kwetu kuna jambo la kulipokea. Kwetu, mwenye shamba akiwaita watu kumlimia, ni yeye anayewaambia waweke majembe chini. Jua lizame, mvua inyeshe, watu wanamsubiri aseme. Anayeweka jembe kabla ya neno lake amemfanya mwenye shamba kuwa marehemu, kwa maana ni shamba la marehemu tu ambalo watu hutawanyika bila kuambiwa. Nimewahi kuona watu wazima wakilima gizani, mwenye shamba akiwa amelala amelewa, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Kaka alikulia katika hayo. Neno la Waingereza lilipomfikia lilimkaa kama shati alilopimiwa.

Alipotoka jeshini alirudi Ileje akamwoa Tulinagwe, wakapata watoto, akalima. Kilimo hakikumfaa. Mashamba ni yako, hakuna anayekuja kukutazama na kuridhika. Habari za dhahabu ya Lupa zilipopanda milimani, alishuka nazo. Mimi na Tuntufye tulikuwa hatujapata mtoto bado, tukamfuata.

Mzungu aliyemwandika tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu hakuweza kutembea bila kupiga mluzi. Hakuwa na kampuni. Alikuwa na hema, mbwa mwekundu, na shimo lake porini upande wa Mkwajuni. Alimtazama Ezron akisimama wima mbele yake, akamuuliza alikuwa na cheo gani, na siku hiyohiyo akamfanya nyapara. Hakuwa mtu mbaya yule Mzungu. Nasema hivyo kwa shida.

Shimo lilishuka wima, kisha chini likageuka kuufuata mwamba wenye dhahabu ndani ya kilima. Njia hiyo ya chini ilishikiliwa na magogo ya mninga, moja huku, moja kule, na jingine limelala juu yao. Bwana Mluzi aliyachagua magogo mwenyewe, akayasimika mwenyewe, akayagonga kwa nyundo na kusikiliza. Alikataza mtu mwingine kuyagusa. Kabla ya kaka kulikuwa na nyapara aliyesimika gogo vibaya, mtu akavunjika mguu, na Mzungu akaapa hilo halitatokea tena.

Sisi wanawake tuliopikia watu tulikaa ng'ambo ya kijito. Kuvuka kijito tulikatazwa, na waliokataza si Wazungu, ni wachimbaji wenyewe. Waliamini mwanamke akilifikia shimo, mwamba unaificha dhahabu na kilima kinachukia, na hakuna atakayeshuka tena hata kwa kupigwa mpaka kilima kipoe. Chakula kilikuja kuchukuliwa na mwanamume. Mimi niliona ni upuuzi, lakini nilikuwa nimezoea upuuzi wao, nikapika upande wangu.

Mwisho wa kiangazi, joto la bonde limekausha kijito kikabaki vidimbwi, Bwana Mluzi aliamka na macho ya manjano. Alitetemeka juani. Alikuja upande wetu kuaga, kwa kuwa njia ya kwenda barabara kubwa ilipita jikoni kwangu, na Ezron akamfuata.

"Mimi kwenda Mbeya," alisema kwa Kiswahili chake. "Ona daktari, nunua baruti. Wewe angalia watu yote." Halafu akamtazama kaka, akaongeza kwa Kiingereza, taratibu, kama anayempa mtu kitu mkononi, "Carry on, Corporal."

Ezron alipiga saluti. Mgongo wake ulinyooka hata nikacheka ndani ya sufuria niliyokuwa nikiisugua. Mzungu akaondoka na mbwa wake nyuma, akielekea barabarani kusubiri lori la wafanyabiashara. Nilimsindikiza kwa macho mpaka miti ikamficha, na ndipo nikagundua kwamba hakuwa amepiga mluzi hata kidogo. Jambo hilo halikunipendeza.

Kazi ikaenda. Alfajiri Ezron aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kama kengele, watu wakashuka. Waliufuata mwamba ndani ya kilima, hatua kwa hatua, na kwa kuwa mwenye magogo hakuwapo, kila walichokichimba sasa kilikuwa hakina gogo. Mwanzoni hakuna aliyejali. Bwana angerudi, angesimika, mambo yangekuwa kama zamani. Mwamba ulikuwa unazidi kung'aa, na watu walifurahi kwa ajili yake kana kwamba ni wao watakaoula.

Kisha mbwa akarudi peke yake.

Nilikuwa nachota maji nilipomwona anatoka porini. Mbavu zilihesabika na mguu mmoja hakuukanyaga. Alipita katikati yetu bila kunusa chungu, akaenda kulala mbele ya hema la bwana wake, pua ikiwa chini ya turubai. Nilimtumia ugali kwa yule mwanamume wa kuchukua chakula, hakuutazama. Wachimbaji walipopanda jioni walisimama wakamtazama, na kila mmoja akatafuta jambo la kufanya mahali pengine.

Mzee mmoja wa Kinyiha, Sadoki, aliyekuwa akivuta kamba ya ndoo pale juu ya shimo, ndiye aliyelisema. "Nyapara, mbwa hamwachi mtu aliye hai."

"Mbwa huyu ametoroka," Ezron alijibu. "Bwana atakaporudi atamchapa."

"Tunamchimbia nani?"

"Tunamchimbia aliyetuandika. Mzee, usimzike mtu ambaye hujaona kaburi lake."

Basi likaishia hapo, kwa sababu sote tulielewa alichomaanisha. Kuacha kazi kungekuwa ndiko kumuua Mzungu kwa midomo yetu. Isitoshe, aliyetoroka kazi alikamatwa akapelekwa bomani, na kule hakuna aliyesikiliza habari za mbwa. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeimba akiwa chini. Kabla ya hapo, hata jikoni kwangu, nilikuwa nasikia nyimbo zao zikitoka ardhini. Sasa nilisikia nyundo tu.

Unga wa posho ukapungua, nikawa napika uji mwepesi na kutazama pembeni nikiugawa. Mvua ya kwanza ikanyesha, kubwa, ya ghafla. Kijito kikajaa. Tuntufye aliporudi siku hiyo alikuwa na vumbi lenye unyevu nywelini, na alipokuwa anakula nilimwona anaacha kutafuna kana kwamba anasikiliza kitu.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Magogo yanalia."

"Yanalia vipi?"

"Kama mlango wa zamani. Yale ya Bwana yamejipinda, na huko mbele tunakochimba sisi hakuna hata gogo moja. Dari inamwaga unga. Ukisimama kimya unausikia unaanguka mabegani."

"Na huko mbele yuko nani?"

Alicheka kidogo. "Mimi. Shemeji ameniweka mimi. Anasema akimweka mtu mwingine wataona anapendelea ndugu zake."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza kwa adabu. Nilimwambia akatae. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Ezron ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari yangu baada ya baba kufariki. Mume wangu hakuweza kumwambia shemeji yake huyo kwamba anaogopa, si mbele ya watu, wala si pembeni. Angeshuka hata kama angeona kilima kinatembea.

Asubuhi nilimvizia kaka kabla hajavuka kijito. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya jeshi, ile ya zamani yenye rangi ya majani makavu.

"Kaka, Mzungu alisema nini hasa siku ile?"

"Ulikuwapo. Alisema carry on."

"Alisema mpaka lini?"

"Neno hilo halina mpaka lini, Ikupa."

"Mmeshayapita magogo yake. Alisema mwendelee hata pasipo na gogo?"

"Neno hilo halisemi habari za magogo. Aliniambia niangalie watu, na kazi isisimame."

"Sasa waangalie. Watu watakufa, na wa kwanza ni mume wangu."

Naomba wanawe walijue hili: kaka yangu hakuwa mjinga, na alikuwa akiogopa kuliko sisi sote. Nilimwona akitazama kilima. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ningekuwa na neno la kulifuta lile, ningelisema," alisema. "Yupo mtu mmoja tu aliye nalo. Nikiliokota mimi, basi nimesema amekufa. Na kama hajafa, akaja akakuta shimo halina mtu, mimi ni nani tena? Ni yule yule wa kubeba masanduku."

"Utakuwa kaka yangu."

"Hilo hawalishonei utepe," alisema, akavuka.

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Reli ikagongwa. Niliwaona wakienda mmoja mmoja, na Tuntufye akageuka akaniinulia mkono, na nikaelewa kwamba ananiaga na yeye mwenyewe hajui. Hapo nikauweka mwiko chini, nikafunga khanga kiunoni, nikavuka kijito.

Maji yalinifika magotini. Mwenzangu wa jikoni, Ferista, aliniita mara moja, sikugeuka. Nilipanda njia ambayo sikuwa nimewahi kuikanyaga, nikatokea pale uwazini, nikaliona shimo kwa mara ya kwanza. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria. Sadoki aliniona, kamba ikamponyoka mikononi.

"Mama, rudi," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Sikurudi. Nilikwenda mpaka ukingoni nikainama, nikaita kule chini kwa sauti yote niliyopewa na Mungu. "Tuntufye. Ni mimi, Ikupa. Niko mlangoni kwenu."

Nyundo zikakoma. Kisha nikasikia kelele, matusi, ngazi ikilia chini ya miguu ya watu. Walipanda wakikimbiliana, kila aliyetokea akinitazama na kutema mate pembeni, na mimi nilikuwa nawatazama usoni mmoja mmoja nikitafuta wangu. Alitoka wa mwisho kwa sababu alikuwa mbele zaidi. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga wa mwamba. Alinishika mkono kwa nguvu, na sikujua kama anataka kunipiga au kunishikilia. Sidhani kama yeye alijua.

Sijutii. Kama kuna anayesubiri niseme najuta, atasubiri sana. Ningevuka tena leo.

Ezron alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Hakunigombeza. Watu walimwambia kwamba leo hawashuki, wala kesho, na hata akiwapeleka bomani hawashuki, kwa kuwa mwanamke amelifikia shimo. Akakubali kwa kichwa. Nikaona wepesi fulani usoni mwake, nikamshukuru Mungu moyoni, maana nilifikiri nimempa njia ya kutokea. Sasa si yeye aliyesimamisha kazi. Ni mimi, ni desturi, ni kilima. Mzungu akirudi, aambiwe hivyo.

"Watu wana haki yao," alisema. "Nendeni mkapumzike."

Kisha akavua kofia, akampa Tuntufye aishike, akaokota sururu iliyoachwa ukingoni.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Tuntufye alimuuliza.

"Wao wamezuiwa na desturi. Mimi niliambiwa mimi. Nitapiga kidogo tu, ili isisemwe kwamba ilisimama."

Nilimshika shati. Nilimwita kaka, nikamwita Koplo, nikamwita majina ambayo mdogo hamwiti mkubwa wake. Alinitoa vidole kimoja kimoja, bila ukali, kama alivyokuwa akinitoa nikiwa mtoto nikimng'ang'ania asiende safari.

"Nenda kapike," aliniambia. "Watu hawa wana njaa."

Alishuka. Tulimsikia akitembea kule chini, kisha tukasikia sururu. Ilipiga polepole, mtu mmoja, kazi ya mtu mzima asiye na haraka. Hakuna aliyeondoka. Tulisimama pale tukihesabia moyoni, tukitamani achoke. Nilifikiri, akipiga kidogo na kupanda, nitampikia ule ulezi niliouficha. Halafu nikasikia kile alichonieleza mume wangu, mlango wa zamani, lakini mrefu, usiokatika, na ardhi ikatikisika chini ya nyayo zangu. Upepo ukatoka shimoni na vumbi jeupe. Baada ya hapo hakukuwa na sauti ya kitu chochote.

Tuntufye alishuka kabla sijamzuia, na wengine watatu nyuma yake, wale wale waliosema hawashuki. Njia ya chini ilikuwa imejaa. Walitoa mawe kwa mikono, wakapandisha ndoo baada ya ndoo, na kila walipotoa, kilima kilishusha mengine. Sadoki aliyekuwa kwenye kamba alilia bila kuificha. Jioni gogo jingine lilivunjika, likamjeruhi mtu bega, na wakapanda. Siku ya pili walijaribu tena mpaka maji ya mvua yalipoanza kuingia. Waliacha. Hakuna aliyewaambia waache.

Tarishi wa boma alifika siku hiyo tukiwa tumekaa chini, tumechakaa. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia nyekundu, na alikuwa na hasira ya safari ndefu. Alisema ametumwa kutangaza kwamba kazi ya hapa imefungwa. Boma lilikuwa limechelewa kujua shimo la huyu Mzungu liko wapi, maana wachimbaji wa porini ni wengi na marehemu hakuwa na mtu wa kumsemea.

"Alikufa lini?" nikamuuliza.

"Aliyekupa ruhusa ya kuuliza ni nani?" Kisha akanitazama vizuri, akabadili sauti. "Hakufika Mbeya, mama. Alifia juu ya lori, siku ileile aliyopanda. Dereva anasema mbwa aliruka chini."

Siku ileile. Nilikaa nikaigeuza habari hiyo kichwani. Jioni ile kaka alipowakagua watu kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, na mimi nikamtania kwamba sasa naye aanze kupiga mluzi, Mzungu alikuwa ameshakuwa maiti. Neno lilikuwa halina tena mwenyewe, nalo likaendelea kufanya kazi. Nilimchukia yule Mzungu siku hiyo, kisha nikaona simpati wa kumchukia. Alikuwa mgonjwa tu aliyetaka kazi yake isilale mpaka arudi. Nililichukia neno. Ni neno la mtu anayeondoka, na anayeambiwa hapewi njia ya kuondoka.

Tuliondoka na kofia. Tulipanda Mbozi, tukapita Vwawa, tukaingia milima yetu miguu imevimba. Njia nzima Tuntufye alikuwa ameishika ile kofia mkononi, hakuitia mfukoni wala hakuivaa. Tulimkuta Tulinagwe uani anapepeta ulezi. Alituona tangu mbali kwamba tuko wawili.

Kwetu msiba haupasuliwi mbele ya mlango. Anayekuja nao anakaa kwanza, anasalimiwa, anaulizwa habari za njia, na akiulizwa kuhusu mtu anasema yuko, amebaki, anaumwa kidogo, mpaka wazee wafike na neno lisemwe likiwa na watu wa kulipokea. Hivyo Tulinagwe alipotukalisha na kuuliza mume wake yuko wapi, nilimjibu kama nilivyofundishwa.

"Amebaki kazini," nilisema.

Aliitazama ile kofia mkononi mwa Tuntufye. Aliweka ungo chini taratibu, asimwage, akaniuliza kama angalau tulimtoa huko chini. Nikamwambia hapana.